Swali Kuhusu Binti wa Yeftha

Bukoto, Kampala
Jumapili mchana

Mpendwa Baba,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa vizuri, Mama akiwa karibu nawe, na nyote wawili mkiwa na nguvu za kuamka asubuhi. Nauliza kwanza habari za masikio yako, kama yale matone yamesaidia kidogo au masikio yamekataa kabisa. Nauliza na magoti ya Mama, na yule ng'ombe mwekundu kama ameshazaa. Mimi ni mzima wa mwili. Kwa desturi ningeongeza kwamba sina shida yoyote ila hamu ya kuwaona, lakini huo ungekuwa uongo, na uongo wa aina hiyo, wa kupendeza watu, ndio uliotufikisha hapa tulipo.

Nimechagua barua kwa sababu simu haikufai tena, na ujumbe wa maandishi ungepitia mikononi mwa watu watatu kabla hujausoma, halafu ungejadiliwa kisimani. Nimempa Okwera, dereva anayetuletea vigae hapa ghalani kwetu Nateete, ambaye hurudi Kenya kila Jumatatu na lori tupu. Nimemwomba aitie mkononi mwako mwenyewe, kisha asubiri. Nina ombi moja kabla hujaendelea. Ukianza kuisoma, imalize leo leo. Usiikunje ukaitia ndani ya Biblia hadi kesho, kama unavyofanya na barua zangu ndefu. Sababu utaiona.

Barua hii ni juu ya dada yangu Nerima. Najua jina hilo halijatajwa mezani pako kwa miaka mitano, tangu alipohamia kwa Tamim, yule Mwislamu. Nivumilie. Nerima ni mgonjwa, Baba. Ana uvimbe kifuani, mahali ambapo si heshima mwana kumwandikia baba yake, lakini nitaandika hivyo hivyo: ni kwenye titi la kushoto, na ngozi imeanza kupasuka. Anakataa kwenda hospitali. Anakataa hata kidonge cha maumivu. Wala si kwamba haogopi kufa. Anaogopa sana, aliniambia hivyo kwa kinywa chake, na bado anakataa. Asipotibiwa atakufa, na aliyemfungia mlango ni mimi.

Ili uelewe, sina budi nianze na darasa langu. Wewe umelisikia kwa sifa tu. Uliwahi kuniandikia kwamba uliwasomea wazee wenzako kanisani maelezo yangu juu ya sensa ya Kirenio, ile ya wakati wa kuzaliwa Yesu, na kwamba walitikisa vichwa kwa furaha. Nilitembea na barua hiyo mfukoni mwezi mzima. Basi kila Jumamosi saa nane tulikutana katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, hapa Bukoto, wanafunzi wa chuo, wauza maduka, Wakenya wenzetu, na hata Waislamu waliopenda kusikiliza. Tuliliita Darasa la Maswali Magumu. Kulikuwa na kopo la bati la biskuti lenye tundu juu, na mtu aliandika swali lake akalitumbukiza bila jina. Akeyo, mwalimu wa chekechea aliyekuwa katibu wetu, aliyanakili yote kwa mwandiko wake mmoja, akavichana vile vikaratasi, kisha akaniletea orodha siku ya Alhamisi. Kanuni hiyo niliitunga mimi, ili mtu asiogope kujulikana kwa mwandiko. Niliiona ya busara sana.

Na nilikuwa hodari, Baba, sitajifanya mnyenyekevu. Waliponiuliza kama mazizi ya farasi wa Sulemani yalikuwa elfu arobaini au elfu nne, niliwaeleza jinsi waandishi wa kale walivyonakili tarakimu kwa mkono usiku na mchana. Waliponiuliza kama Yuda alijinyonga au alianguka akapasuka, niliyaunganisha yote mawili mpaka yakawa tukio moja. Niliwaonyesha picha ya lile jiwe la Kaisaria lenye jina la Pilato, lililofukuliwa mwaka wa sitini na moja, na nikawasimulia jinsi wataalamu walivyomcheka Danieli kwa kumtaja Belshaza mpaka vibao vya udongo vilipopatikana. Hayo mawili yalikuwa imara. Kirenio hakuwa imara. Nilikuwa na majibu matatu juu yake na kila moja lilikuwa na tundu lake, lakini nikiyatoa mfululizo kwa sauti ya uhakika hakuna aliyepata nafasi ya kuchungulia. Hicho ndicho ulichowasomea wazee.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Abdul-Karim, Mnubi muuza vipuri, mtu mpole mwenye ndevu za mvi, anayeijua Biblia yetu kuliko mashemasi wetu wote. Alikaa safu ya mwisho, akakunja mikono, akatabasamu. Polepole darasa zima likawa mchezo kati yake na mimi. Kila swali gumu lililotoka kwenye lile kopo niliamini ni lake. Nilikuwa nikiandaa majibu huku naona uso wake tu.

Sasa nirudi kwa Nerima. Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, mtoto wake Sumayiya, mjukuu wako ambaye hujamwona, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa Mulago siku kumi na moja. Nerima alilala sakafuni kando ya kitanda, na mimi nilikuwa nikimpelekea uji na nguo safi kutoka Bukoto, kwa kuwa si mbali. Siku ya tisa mtoto hakufumbua macho kabisa. Siku ya kumi alifumbua, akaomba soda. Tulilia wote, mimi, Nerima, Tamim na mama yake Tamim, na Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikakitumia kisa hicho kuwa mfano wa maombi yaliyojibiwa. Hakuna aliyejua Nerima alikuwa ameomba nini.

Baada ya miezi kadhaa, katika orodha ya Akeyo, likaja swali hili. Nalinakili kama lilivyokuwa: Yeftha aliweka nadhiri kwa hofu, kwamba atamtoa sadaka ya kuteketezwa atakayetoka kwanza mlangoni kwake, bila kujua ni nani. Alipomwona ni binti yake, je, Mungu alitaka kweli aitimize, au angeweza kurudi nyuma? Niliposoma tu nikacheka peke yangu. Nikasema huyu ni Abdul-Karim, ametega vizuri. Nikijibu kwamba Mungu alitaka, atasema Mungu wetu anakula binadamu. Nikijibu kwamba hakutaka, ataniuliza mbona Waebrania inamhesabu Yeftha kati ya mashujaa wa imani. Nilikuwa na siku mbili za kujiandaa na nilizitumia zote.

Nilijibu kwa dakika arobaini. Nilieleza kwamba wako wanaosema binti hakuchomwa, alitengwa tu maisha yake yote bila kuolewa, na ndiyo maana wenzake walilia ubikira wake milimani. Kisha nikasema hata tukichukua maana ile ngumu kabisa, jambo kuu halibadiliki: Yeftha alifungua kinywa chake mbele za Bwana na hakurudi nyuma, naye Mungu hakumkemea popote, bali alimsifu. Nikasema nadhiri iliyowekwa kwa hofu ni nadhiri. Nikasema Mungu si wa kubembelezwa siku ya shida na kusahauliwa siku ya raha, na kwamba anayetimiza neno lake hata likimgharimu nyama ya mwili wake ndiye anayeheshimika mbinguni. Nyama ya mwili wake, Baba. Nilitumia maneno hayo hayo, nayo yalinitoka vizuri. Watu walipiga makofi. Nerima alikuwa safu ya tatu, amevuka mji mzima kutoka Nateete kuja kunisikiliza, na nilimwona akimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge akatoka bila kuniaga. Nilidhani anawahi teksi. Abdul-Karim alinifuata nje akaniuliza kwa upole kwa nini nilikuwa nikimkazia macho yeye muda wote. Nikamwambia anajua mwenyewe kwa nini. Akaonekana hajui.

Miezi miwili baadaye Tamim alikuja ghalani. Duka lake la matairi liko mtaa wa pili, lakini hakuwa na kawaida ya kuja wakati wa kazi. Alisimama kati ya maboksi ya vigae akaniambia, "Shemeji, dada yako iko na kitu hapa kwa kifua, anaficha. Mimi naongea, hasikii. Wewe ndiyo anasikia." Tulifunga tukaenda wote wawili kwa miguu.

Nerima alimtuma Tamim nje na mtoto, akaniambia yote bila kulia. Siku ile ya tisa, hospitalini, alikwenda kwenye bomba ambako akina mama hufulia, akapiga magoti kwenye maji, akamwambia Mungu kwamba kama atamwachia huyu mtoto, basi yeye mwili wake auchukue. Ugonjwa wowote utakaomjia ataupokea, hataupeleka kwa daktari wala kuutafutia dawa mpaka siku ya kufa. Kesho yake mtoto akaomba soda. Alipougusa uvimbe kwa mara ya kwanza, akioga, alijua umekuja kuchukua kilichoahidiwa. Hata hivyo alitamani kuishi. Alitaka kujua kama kuna mlango. Hakuthubutu kuniuliza uso kwa uso kwa sababu alijua ningemjibu kama kaka, na yeye alitaka ajibiwe kama mtu yeyote, kwa haki. Basi akaandika swali juu ya Yeftha akalitumbukiza kwenye kopo.

Unamjua mtoto wako. Unakumbuka alivyomwahidi Bibi kumsomea Zaburi kila jioni, na usiku alipokuwa na malaria alisoma huku meno yakigongana, na ulipomwambia aache alikuomba ruhusa amalize aya tatu zilizobaki. Hajabadilika. Hajadanganywa na nabii yeyote wala hayumo katika kikundi chochote cha watu wanaokataa dawa. Mtoto akiumwa na tumbo anampeleka kliniki siku hiyo hiyo. Ni yeye tu, na neno lake.

Nilirudi nyumbani nikachukua Biblia, nikarudi kwake usiku huo huo na Walawi sura ya tano, panaposema mtu akiapa kwa midomo yake bila kufikiri, akaungama, kuna upatanisho. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi ile nilimjibia Mungu, na leo namjibia yeye, na kati ya majibu hayo mawili anaamini lile nililolitoa wakati sikujua anayeuliza ni nani. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Kwa miaka saba nimewafundisha watu kwamba shahidi anayebadilisha maneno kwa sababu ya jamaa yake si wa kuaminika.

Tamim naye hajakaa bure. Alikwenda kwa baba yake mdogo, aliyesoma dini, akaambiwa kwamba kwao nadhiri ya kujidhuru haifungi, na aliyeapa namna hiyo hutoa kafara kwa kulisha maskini kumi. Ijumaa moja akapika sufuria kubwa ya wali na nyama mbele ya duka la matairi, akawaita wazee kumi wasio na kitu pale sokoni Nateete, akawapakulia kwa mikono yake mwenyewe. Akamwambia Nerima, imekwisha, sasa twende Mulago. Nerima alimshukuru, akala sahani moja pamoja nao, akamwambia kwamba ile ni njia ya kwao na ni nzuri, lakini pale kwenye bomba yeye aliahidi kwa jina la Yesu. Tamim alikuja kuniambia hayo akiwa na masizi kwenye shati. Baba, huyu ndiye mtu uliyemrudisha langoni pako.

Daktari aliyeelezwa na Tamim alisema mgonjwa aletwe mwezi huu, si ujao. Alisema bado kuna la kufanya, ila hakusema ni kubwa. Nerima amekonda. Mkono wa kushoto haupandi tena hadi kichwani, kwa hiyo Tamim ndiye anayemsuka mtoto, na anamsuka vibaya.

Darasa nimelifunga. Nilimwambia Akeyo nina kazi nyingi, naye hakuniamini. Sisomi tena, na nikisali naona nasali ukutani. Naweza kumthibitishia mtu yeyote kwamba Pilato alikuwa liwali, jiwe lipo. Lakini sijui kama Mungu alisikia kitu pale kwenye bomba, na kama alisikia, sijui ni Mungu wa namna gani anayeweza kuipokea nadhiri ile. Wakati mwingine natamani asiwepo, ili dada yangu awe amejifunga kwa hewa tupu. Halafu naona hilo nalo halitamwokoa. Hivyo ndivyo nilivyo, mwanao uliyejivunia mbele ya wazee.

Na bado sijakuambia lililo baya zaidi.

Kwenye karatasi niliyoiandaa kwa ajili ya swali lile nilikuwa nimeandika mafungu mawili ambayo sikuyasoma mbele ya watu. La kwanza ni lile la Walawi. La pili ni Hesabu sura ya thelathini. Wewe unaijua. Inasema mwanamke aliye wa nyumba ya baba yake akijifunga kwa nadhiri, na baba yake akisikia, akamkataza siku ile aliyosikia, nadhiri haitasimama, na Bwana atamsamehe. Niliyaandika yote mawili, kisha Ijumaa jioni nikayakata kwa kalamu. La Walawi nililikata kwa sababu lingeudhoofisha utetezi wangu wa Yeftha. La Hesabu nililikata kwa sababu nilijua wale wasichana wa chuo wangesimama na kuuliza mbona neno la mwanamke linafutwa na mwanamume, na Abdul-Karim angetabasamu, na mimi sikuwa na jibu. Sikusahau, Baba. Sikukosa kujua. Mlango ambao dada yangu aliuulizia niliuona, na nikaufunika nisije nikaaibika. Hilo Nerima hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Wiki tatu zilizopita nilimsomea hatimaye. Nilitegemea atakataa kama alivyoikataa Walawi. Badala yake akauliza jambo moja tu, kama Baba amesikia. Nikasema hapana. Akasema basi fungu hilo bado halijamhusu. Halafu akasema hajui hata kama yeye ni wa nyumba yako, maana kwa Tamim hajaozwa na kwako hatajwi.

Lakini wewe na mimi tunajua mila inasemaje. Wazee wa Tamim walikuja kutoa mahari, hukuwapokea, hawakukanyaga hata ua wako. Hakuna kilichopokewa, kwa hiyo hajaolewa, na mwanamke ambaye hajaolewa ni wa baba yake. Kwa miaka mitano nimekuhesabia kitendo hicho kuwa ukatili. Leo ndicho kitu pekee nilicho nacho. Najua sura inasema katika ujana wake, akiwa nyumbani mwa baba yake, na najua Nerima ana miaka thelathini na moja na analala Nateete. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta matundu kwa kazi, na tundu hilo nimeliona kabla yako. Nakuomba usimwonyeshe.

Anaujua mwandiko wako. Huhitaji kuandika mengi wala kumsamehe kama huwezi. Andika kwamba umeisikia nadhiri ya binti yako na kwamba unaikataza. Tia jina lako. Okwera ataileta Jumatano, na Alhamisi asubuhi Tamim na mimi tutakuwa mlangoni Mulago.

Barua hii nimekaa nayo wiki tatu, nikiiandika na kuichana, huku uvimbe ukikua. Usidhani ni uvivu. Ile sura inaendelea, nawe unajua inavyoendelea: baba akisikia, kisha akamnyamazia, nadhiri zake zote zitasimama. Mpaka asubuhi ya leo ulikuwa hujasikia, na njia ilikuwa wazi. Sasa umesikia. Kwa kukuandikia nimekupa siku moja tu, na umemnyamazia kwa miaka mitano, na sijui kama unajua tena namna ya kuacha.

Nisalimie Mama sana, na umwambie mjukuu wake amerithi meno yake, yale ya mbele. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia. Kalamu nimeiweka ndani ya bahasha, kwa ajili yako.

Ni mimi mwanao,
Byron Masinde